Kibanda cha Bi Tveit, Ambacho ni Changu

Jumatatu, 6 Oktoba

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu: nina mali. Si nyumba hasa. Ni kibanda cha mbao nyuma ya nyumba ya jirani yetu, Bi Lorna Tveit. Kilijengwa kwa ajili ya mashine ya kukatia nyasi. Sasa kina kiti, blanketi, taa na vitabu vyangu. Ubao mmoja wa uzio wetu umelegea. Unausukuma, unapita kiubavu, umefika. Nimekuwa nikipita hapo kila siku baada ya masomo tangu darasa la kwanza. Bi Tveit hajui. Mama hajui. Dada yangu mdogo Maren, mwenye miaka kumi na anayejua kila kitu, hajui.

Leo nimekuta vigingi vya mpima ardhi, vyenye utepe wa rangi ya waridi, kando ya kibanda.

Wakati wa chakula Mama akasema nyumba ya Bi Tveit imepata mnunuzi. Saini ni Alhamisi, na Ijumaa mambo yatakuwa yamekwisha. Nikauliza mnunuzi ana mpango gani na uwanja wa nyuma. Mama akasema hayo si ya mezani. Mama hasemi habari za wateja. Anafanya kazi kwenye ofisi ya hati na amana, na kazi yake ni kukaa katikati. Anahakikisha muuzaji ana haki ya kuuza. Anashika pesa ya mnunuzi. Hamwachii yeyote kitu chochote mpaka kila upande umetimiza lake na kaunti imesajili hati mpya. Hapo katikati, husema, pesa si ya mnunuzi tena na bado si ya muuzaji. Ni ya kungoja.

Maren ndiye aliyesema. Mnunuzi ni Bwana Ruddock, daktari wa meno mstaafu kutoka upande wa Seattle. Pale penye kibanda anataka beseni kubwa la maji ya moto, la kukaa ndani na kutazama nyota.

Sikumaliza viazi vyangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata dawa. Mama ana kitabu kinene cha sheria ya ardhi, alichosomea mtihani wake wa kazi. Siku hizi kinazuia mlango wa chumba cha kufulia usijifunge. Nilikitoa, nikaweka ndoo mahali pake.

Hapa kwetu, jimbo la Washington, mtu akikalia ardhi ya mwenzake miaka kumi mfululizo, kwa wazi, watu wakijua, na kwa uhasama, ardhi inaweza kuwa yake. Nilisoma mara mbili. Niliingia kibandani mara ya kwanza nikiwa na miaka sita, majani yakianguka. Sasa nina kumi na sita na majani yanaanguka tena. Kibanda ni changu kisheria. Kilichobaki ni kuwaarifu.

Tatizo ni uhasama. Kitabu kinaeleza kwamba si lazima kugombana. Maana yake ni kukaa pale bila ruhusa ya mwenyewe, kama mtu aliye kwake. Hata hivyo niliona si vibaya kuongeza kidogo kwa usalama. Sina mazoezi. Shuleni mtu akinikanyaga, mimi ndiye ninayeomba radhi.

Alasiri nilimpita Bi Tveit barazani kwake bila kumsalimia. Akaniita, akauliza kama jino linaniuma. Nikasema hapana, kwa ukali. Akanipa kipande cha keki ya matufaha. Nikaondoka nacho bila kusema asante. Nilifika kwenye kona nikarudi kusema asante. Akasema alijua tu, mtoto wa Corinne hawezi kusahau adabu.

Siku ya kwanza ya uhasama haikwenda vizuri. Keki ilikuwa nzuri.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo zamu ya uwazi. Nilitoa kiti, nikakaa mbele ya kibanda nikitazama dirisha la jiko la Bi Tveit, nikasoma kwa sauti. Sauti ya chini, kwa sababu ilikuwa sura ya huzuni. Bi Tveit alinipungia mkono kutoka jikoni na kuendelea kuosha vyombo. Hakushangaa hata kidogo. Nadhani macho yake yamechoka.

Niliandika kibao: MALI YA E. BREKKE. Niliandika kwa herufi ndogo ili asije akaumia akikisoma. Baadaye nikaona hata hivyo ataumia, nikakitundika upande wa ndani wa mlango.

Mpima ardhi akaja kukagua vigingi vyake. Nikakusanya nguvu, nikamwambia kibanda hiki ni changu. Akasema sawa, kijana, basi nishikie ncha hii ya tepu. Nikashika. Akapima kutoka kwangu mpaka kwenye kigingi, akaandika, akanishukuru, akaondoka. Nilikuwa nimesaidia kupima mali yangu iende kwa mtu mwingine.

Nilipogeuka, Maren alikuwa amepitisha kichwa penye ubao uliolegea.

"Hodi, baba mwenye nyumba," akasema. "Kodi ni kiasi gani?"

Nikamwambia aondoke kwenye ardhi yangu. Akauliza ardhi yako tangu lini, wewe ambaye hata kitanda chako anatandika Mama. Nikamweleza sheria yote, nikitumaini ataogopa. Akasikiliza vizuri. Kisha akasema atanyamaza nikimwoshea vyombo zamu zake mpaka Krismasi. Nimekubali. Mtu mwenye mali lazima awe na gharama.

Alhamisi, 9 Oktoba

Baada ya masomo nilikwenda ofisini kwa Mama na barua ya madai. Nilikuwa nimeiandika upya mara nyingi. Toleo la mwisho lilianza kwa "Samahani kwa usumbufu."

Gari la Bi Tveit lilikuwa linaondoka. Alikuwa ametoka kutia saini. Alipiga honi kunisalimia. Sikujibu, kisheria.

Mama aliiona bahasha mkononi mwangu akauliza nimekuja kama mwanawe au kama mteja. Nikasema kama mdai. Uso wake ukabadilika ukawa ule wa kazini. Akanionyesha kiti cha wageni, akaniletea maji kwenye glasi, si kwenye kikombe changu cha siku zote. Akasoma. Akaisoma tena akiwa amevua miwani.

"Emmett," akasema, "ungeniambia haya jikoni, ningekupiga kibao cha mgongo tukacheka. Umeniletea barua ofisini. Nikishasoma dai siwezi kujifanya sijalisoma."

Nikamwambia sitaki nyumba, nataka kibanda tu, achore mstari kuzunguka kibanda kisha aendelee. Akasema hakuna mstari. Kampuni ya bima ya hati, inayomlinda mnunuzi hati ikiwa na kasoro, haiwezi kutoa bima juu ya dai, benki haitaachia mkopo bila bima, na yeye hawezi kuachia pesa bila benki. Nyumba nzima inasimama.

Nikasema, basi isimame kidogo.

Akanitazama. Akasema hili analisema kwa kuwa Bi Tveit mwenyewe amelitangaza kanisani, kwa hiyo si siri. Amepata chumba kwenye nyumba ya wazee kule Spokane, mlango wa pili kutoka kwa dada yake Solveig, na hao wawili hawajaishi jirani tangu walipoolewa. Malipo yafike kesho. Yasipofika, chumba kinakwenda kwa anayefuata kwenye foleni, na Jumatatu benki zimefungwa kwa sikukuu.

Hilo sikulijua. Nilisema nairudisha barua yangu. Mama akasema barua inarudi, lakini nilichomwambia hakirudi. Lazima wahusika waambiwe, na lazima kijibiwe.

Tulirudi nyumbani redio ikiwa imezimwa. Mezani Mama aliniita Bwana Brekke. "Bwana Brekke, nisogezee chumvi." Maren alicheka mpaka akapaliwa. Nikaosha vyombo vyote.

Sikulala vizuri. Nilimfikiria Bi Solveig, ambaye simjui, akitazama mlango wa pili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mama aliniombea ruhusa shuleni. Sababu aliyoandika: "Suala la ardhi." Karani wa shule aliniangalia kwa heshima mpya.

Tulikaa kwenye meza ndefu ya ofisi. Bi Tveit na mkoba wake magotini. Bwana Ruddock, mrefu, mwenye meno mazuri mno. Mimi. Mama kichwani mwa meza, hayuko upande wowote. Aliisoma barua yangu kwa sauti bila kuweka hisia mahali popote. Kila "samahani" niliyoiandika ilisikika. Zilikuwa nyingi.

Kisha akamuuliza Bi Tveit kama alijua kwamba mdai amekuwa akitumia kibanda.

Bi Tveit alinigeukia. "Wewe mtoto, ule ubao unafikiri aliulegeza nani?"

Nikasema uliharibika wenyewe.

"Ubao wa Harald uharibike wenyewe?" akasema. Harald ni marehemu mumewe. "Kwenu kulikuwa na kichanga kinalia mchana kutwa. Na wewe umesimama uani na kitabu chako, kama mtu anayengoja basi lisilokuja. Nikamwambia Harald, hebu mtengenezee huyu mtoto mlango. Akang'oa misumari miwili. Taa aliivutia umeme mwenyewe. Na blanketi, ulidhani linajifua?"

Ukweli ni kwamba nilidhani ni blanketi lisiloshika uchafu.

Kichanga kilikuwa Maren. Kwa hiyo chanzo cha yote haya ni yeye.

Mama akamuuliza kama anamaanisha nilikuwa pale kwa ruhusa yake. Bi Tveit akasema ruhusa gani tena, alinialika, ila hakutaka kunishtua kwa kunisemesha. "Huyu ukimsemesha ghafla anakimbia kama paka."

Basi. Uhasama sikuwahi kuwa nao, hata siku moja. Mama aliandika tamko, Bi Tveit akalitia saini: aliyekuwa kibandani alikuwa mgeni wake. Mgeni! Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimekuwa mgeni miaka kumi na jembe sijaliona. Nikauliza nitie saini wapi. Mama akasema mimi ni mtoto, saini yangu haihitajiki. Hilo liliniuma kuliko yote.

Bima ikapita. Benki ikaachia. Kabla ya saa sita mchana kaunti ilikuwa imesajili, na Mama akapeleka malipo Spokane. Kisha akavua uso wa kazini, akamkumbatia Bi Tveit, na wote wawili wakalia kidogo. Mimi nilitazama kalenda ya ukutani.

Mlangoni nilimwomba Bi Tveit radhi. Akasema yamekwisha. Akanishika sikio kama zamani na kuniambia siku nyingine nikitaka kitu kwa mtu, nimwombe tu, watu wengi hujibu ndiyo. Nikasema nimeelewa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mpwa wa Bi Tveit alikuja na lori. Nilibeba masanduku. Bi Tveit alinipa lile blanketi la kibandani. Amefika salama. Jioni alimpigia simu Mama kusema Solveig anakoroma na inasikika ukutani, na kwamba hajawahi kusikia sauti tamu kama hiyo.

Bwana Ruddock amehamia. Ana kiti kimoja na darubini.

Jumapili, 12 Oktoba

Asubuhi Bwana Ruddock aligonga mlango wetu. Amefikiri. Beseni la maji ya moto litakaa karibu na nyumba, maana kutembea umelowa kwenye baridi ya Januari ni wazimu. Kibanda atakiacha. Akasema niingie wakati wowote, saa yoyote, mwaka wowote, nijione niko kwangu. Akanipa ufunguo.

Mama alifurahi. Maren akasema mwenye bahati habahatishi.

Mimi nilisimama na ufunguo mkononi nikimsikiliza mtu mwema akiniharibia kila kitu. Mgeni tena. Nikikaa kwa ruhusa yake hata miaka hamsini, siku akiuza itakuwa yaleyale, vigingi na utepe. Safari hii lazima miaka kumi ianze sawasawa, bila ruhusa, tangu siku ya kwanza. Kosa langu la mara ya kwanza lilikuwa kupendwa.

Nilikwenda chumbani, nikamwandikia Bwana Ruddock barua. Nilimshukuru kwa ukarimu wake, nikamtakia maisha mema katika mtaa wetu, nikamwomba, kama haitakuwa usumbufu, aniondolee ruhusa. Nikaweka ufunguo ndani ya bahasha, nikaitumbukiza mlangoni kwake, nikabisha kidogo ili asikose kuiona, nikakimbia.

Kisha nikazunguka nyuma. Sikupita penye ubao, kwa kuwa ubao ni mwaliko. Nilipanda uzio upande wenye maua ya waridi na miiba yake, nikachanika suruali, nikaingia kibandani kwa dirisha, nikaanza kusoma.