Taarifa ya Mwenyekiti Kuhusu Kuwasawazisha Watu wa Ukungu

Mheshimiwa Mlezi wa Chama chetu cha Michezo ya Mezani, ambaye ametuma udhuru, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mlezi, ambaye naye ametuma udhuru, Ndugu Mwenyekiti, yaani mimi mwenyewe, Ndugu Katibu, wasimulizi wa meza zote kumi na moja, wachezaji wakongwe, wachezaji wapya, na ninyi wa kule nyuma mlioingia kukwepa jua, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya Katibu.)

Kwa faida ya hao wa kule nyuma, mchezo wetu ni wa watu watano kuizunguka meza, kila mmoja akivaa uhusika wa kubuni, huyu mchawi, huyu mbilikimo mwenye shoka, msimulizi akiwaeleza kilicho mbele yao, na dadu ikiamua nani anapona na nani anazikwa. Miongoni mwa wahusika hao wako Watu wa Ukungu, kabila la kuhamahama lisilojulikana litokako, lisilolala mahali pamoja siku mbili, linalozijua njia zote, linalofunguliwa kila mlango na kuiona kesho ndani ya moshi. Ikadhihirika, baada ya malalamiko mazito, kwamba anayecheza Mtu wa Ukungu humaliza safari nzima kabla wenzake hawajafunga kamba za viatu. Nikasema hapana! Miezi kumi na minne iliyopita niliwasimamisha wote kwa muda, nikaunda Kamati Maalumu ya Kusawazisha, na tangu hapo jambo hili nimelivalia njuga. (Minong'ono. Mkono unanyooshwa safu ya tatu.)

Naam, mama fundi cherehani, mkono nimeuona, ushushe upumzike. Haya, sema, lakini kwa ufupi, maana muda si rafiki.

(Fundi cherehani: "Mwenyekiti, mhusika wangu ni Mtu wa Ukungu, naye amekaa nje ya lango la mji miezi yote hiyo kumi na minne. Wenzangu wako ndani wanapigana na joka, mimi nawachemshia chai. Dada yangu huyu hapa anahama kesho, anakwenda mbali. Leo ndiyo mara yetu ya mwisho kucheza meza moja. Niambie tu sheria mpya ni ipi, niingie.")

Swali zuri sana, na swali zuri halipaswi kuharibiwa kwa jibu la haraka. Tulianza na upembuzi yakinifu, ambao ulibaini kwamba asilimia tisini na saba ya nguvu za Watu wa Ukungu inatokana na kuhama, na ndiyo maana pendekezo letu la kwanza ni kwamba wasihame. (Kicheko.) Sioni cha kuchekesha. Watapewa makazi ya kudumu, na atakayetaka kuhama atajaza fomu nakala tatu, siku tisini kabla ya kupata wazo la kuhama. Kuhusu milango, itafunguka saa za kazi. Kuhusu kuiona kesho, wataruhusiwa, ila wanachokiona kitaletwa kwanza ofisini kwangu kihakikiwe kabla hakijatokea. Na kuhusu hili la kutojulikana watokako, ambalo kwa kweli ni utovu wa nidhamu, tuliwaandikia barua rasmi mara nne tukiwataka wajieleze, na barua zote nne zimerudi bila kufunguliwa!

(Dada wa fundi: "Mwenyekiti, jamani, hao watu ni wa kubuni!")

Dada yangu, kuwa wa kubuni si kisingizio cha kutojibu barua. (Kicheko kirefu. Katibu anaomba utulivu.) Tumefanya wokshopu sita, zilizohudhuriwa na asilimia mia moja na kumi na mbili ya walioalikwa, na wote waliridhika, wakiwemo wasiofika. Hakuna mwenyekiti kabla yangu aliyefikia kiwango hicho, nami nalisema hili kwa unyenyekevu ambao wenzangu wengi wameusifia. (Viti vinaburutwa.)

(Mwalimu wa hesabu, msimulizi wa meza ya tatu: "Mwenyekiti, tuonyeshe hicho kitabu cha sheria.")

Kitabu hiki hapa! Tazameni jalada, herufi za dhahabu, picha yangu katikati. Na hapa niruhusuni nitoe shukrani. Namshukuru mchapaji kwa jalada hili gumu, ambaye ameahidi kutia kurasa ndani mara tu zitakapoandikwa, nazo zitaandikwa mara tu Kamati itakapokutana, nayo Kamati itakutana bila kukosa mara tu nitakapoteua wajumbe wake. Namshukuru na shemeji yangu, aliyenieleza leo asubuhi, kwa uvumilivu mkubwa, mchezo wenyewe unachezwaje.

(Watu wanampa mgongo Mwenyekiti na kuizunguka meza ya tatu. Mwalimu: "Mama fundi, kaa. Sheria ni hii: kila njia mpya unayofungua, unasahau moja ya zamani. Nguvu zako unazo, ila zina gharama. Imetosha?" Fundi: "Imetosha, mwalimu. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo, na mimi nimechemsha chai mwaka mzima!")

Naona mmesogea karibu kwa hamasa. Basi tupaze sauti: Ukungu! (Kimya.) Mtaitikia, Usawa! Ukungu! ("Usawa," Katibu, peke yake.) Kamati mbele, njia nyuma!

(Fundi ameshika dadu. "Kuingia mjini nafungua lango. Nisahau njia ipi?" Dada yake anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Yoyote utakayo, mdogo wangu. Isipokuwa ya kuja kwangu." Dadu inatupwa.)

Nawashukuru kwa kunisikiliza kwa makini.

(Ukumbi mzima unalipuka kwa vigelegele. Mwenyekiti anaweka mkono kifuani, anainama mara tatu.)