Tochi ya Mfukoni

Jumamosi, 4 Novemba 1967
Nimeamua. Fanusi basi. Hapa Maskati mzinga ukishalia saa tatu usiku, milango ya mji hufungwa na kila apitaye njiani lazima abebe taa. Sawa. Lakini fanusi yangu inavuja mafuta, na kanzu yangu inanuka kama jiko. Alhamisi Bi Masouda ametualika chakula, mimi na Mahfoudh. Sote wawili tunamposa binti yake, Mahbuba. Mahfoudh atakuja na fanusi. Mimi nitakuja na tochi ndogo mfukoni, kama mtu wa kisasa.

Jumapili, 5 Novemba
Nimenunua tochi Matrah, mji wa jirani, ya betri tatu. Mwenye duka aliapa kuwa inamulika hadi kijiji cha Qantab, nyuma ya milima. Labda. Mfuko umechanika kabla sijalifikia gari la kurudi. Tochi imeniangukia mguuni. Nachechemea.

Jumatatu, 6 Novemba
Nimeibadilisha kwa nyingine, ndogo kama kidole. Nyepesi mno. Ikajiwasha yenyewe katikati ya sala ya magharibi. Paja langu liling'aa msikiti mzima ukaona. Baada ya sala Mahfoudh aliniuliza, kwa upole mkubwa, kama naumwa.

Jumanne, 7 Novemba
Ya tatu. Ya shaba, betri moja, swichi ngumu. Safari hii nimetumia akili, nimeijaribu kwanza. Nimeitumbukiza kwenye ndoo ya maji: inawaka. Nimeiangusha kutoka darini: inawaka. Nimesomea barua ya mama chini ya shuka, kila neno naliona. Hii ndiyo.

Ijumaa, 10 Novemba
Jana chakula kilikwenda vizuri. Mzinga ulipolia, Bi Masouda akaniomba mimi, si Mahfoudh, nimsindikize mama yake, Bi Nasriya, mpaka nyumbani. Vichochoro vitatu tu. Bibi akataka kuchukua fanusi. Nikamwambia aiache, nina kitu bora.

Kichochoro cha pili askari akatusimamisha. Nikammulika usoni ajionee mwenyewe ubora wake. Akasema amri ni fanusi, tochi haihesabiki. Nikamweleza habari za ndoo. Akafumba macho, akanijibu taratibu: “Tochi yako inanionesha mimi. Mimi nataka kukuona wewe.”

Tukakalishwa kwenye benchi la walinzi, mimi na bibi wa watu, mpaka Mahfoudh alipopita na fanusi yake akatudhamini. Bi Nasriya hakunigombeza. Alisema tu, “Mwanangu Thani, nna miaka sabiini, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukamatwa.” Kisha akajifunga buibui lake vizuri, akaondoka na Mahfoudh.

Jumapili, 12 Novemba
Mahbuba kachumbiwa na Mahfoudh. Dada yangu Hamdiya anasema Mahbuba aliulizwa, akakubali upesi. Lile neno “upesi” Hamdiya angeweza kuliacha. Nimefunga mlango, nimelia kidogo. Chakula cha mchana sikukigusa. Cha usiku nimekula.

Jumatatu, 13 Novemba
Nimelitafakari jambo lote kwa utulivu. Askari alikuwa na haki, uso wangu hakuuona. Kwa hiyo tochi haina kosa. Kosa langu ni kutoka na tochi moja. Kesho nakwenda Matrah kununua ya pili, ya kujimulika usoni.