Pua Yangu na Mitungi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni
Mkutano hapa Itungi. Afisa afya wa kata kasema wenye boti za injini na wauza petroli ya chupa wanaumwa vichwa na ngozi, hivyo anataka mjumbe mmoja wa kutambua madhara mapema na kuonya watu. Mjumbe atapewa koti la kung'aa na semina Mbeya. Nikanyoosha mkono. Jubilate naye akanyoosha. Fundi injini huyu, mtu wa kuvaa glavu hata akishika spana. Kamati itatusikiliza Jumamosi. Nikasema waje kwangu, wale na wali. Kama mpira, naongoza moja bila.

Jumanne, 3 Juni
Mbinu imepatikana. Jubilate anasoma karatasi za usalama. Mimi nitatabiri kwa pua. Kinachonuka sana kinadhuru sana. Kisichonuka hakina neno. Sokoni nimemkuta mama mkwe, Naomi, mfinyanzi wa Ikombe, nikamwomba mitungi minne midogo. Akauliza ya kuwekea nini. Nikasema maji. Mama hataki kusikia habari za mafuta kwenye vyombo vyake, na mkwe mwenye adabu hamkasirishi mama. Ndaga fijo, nikamshukuru kwa Kinyakyusa, nikaondoka haraka.

Jumatano, 4 Juni
Nimejaza mitungi na kuipanga stoo, juu ya gunia la mchele mpya ambalo mke wangu Rut ameweka kwa sikukuu ya mavuno. Kazi ya kunusa na kuandika jedwali, asubuhi hadi mchana. Petroli: kizunguzungu, nikakaa chini. Hatari kubwa. Dizeli: kichefuchefu. Hatari ya kati. Mafuta ya taa: tumekua nayo. Hatari ndogo. Oili chafu: harufu ya kawaida tu. Salama! Nimejipaka kwenye nyufa za visigino, iwe ushahidi.

Ijumaa, 6 Juni
Miguu imetoka vipele. Inawasha vibaya. Rut anasema ni ile oili. Nimemweleza haiwezekani, jedwali langu linasema salama. Nashuku soksi. Akauliza stoo kunanuka nini. Nikamwambia ni utaalamu.

Jumamosi, 7 Juni
Kamati imekuja, na mama mkwe naye kaja kutusalimia. Nikaanza na oili chafu. Jubilate akauliza, kwa upole wa kukera, mbona najikuna. Kisha akaeleza kwamba oili iliyotumika imebeba uchafu wa injini, inapenya ngozi taratibu, na madhara mengine huja baada ya miaka, pua isijue lolote. Wazee wakaguna.

Nikaona bora chakula kiokoe jahazi. Mchele wa Kyela ukinukia, nani atakumbuka oili? Rut akafunua sufuria ya mchele aliouchota kwenye gunia la stoo. Wali ukanukia mafuta ya taa. Afisa afya akazuia watu wasiuguse.

Mama Naomi akaingia stoo, akarudi bila kunitazama. Akawaambia wazee kwamba mtungi wa maji hufinyangwa utoe jasho, ndipo maji yapoe. Angejua ni mafuta, asingenipa hata kifuniko. Lile gunia Rut alilivuna kwa mikono yake, na lilikuwa la kupeleka kanisani kesho. Niliona aibu, sitaki kujidanganya.

Koti kapewa Jubilate. Linambana tumbo. Hilo limenifariji kidogo.

Jumapili, 8 Juni
Wenzake Rut wamepeleka mchele madhabahuni, yeye kapeleka mkungu wa ndizi. Njia nzima alitembea mbele yangu. Nimetubu wakati wa mahubiri, na katika kutubu nikagundua kosa: udongo. Nimeyahamishia mafuta kwenye ndoo za plastiki.

Kisha nikanusa upya, zote nne. Ajabu. Petroli hainuki. Dizeli hainuki. Hata chai aliyonitengea Rut hainuki, na samaki wa jirani vilevile. Kwa kanuni yangu, basi, mafuta yote yamekuwa salama. Nimepaka tena visigino, na ndoo nimeziweka juu ya gunia la kakao yetu ya kuuza.