Bosi Ni Neno Letu

Jumatatu, 12 Januari
Nimetoka kwenye chumba cha barafu! Msimamizi wa kiwanda katangaza: Wachina wapya wanahitaji mtu wa kuwafundisha Kiingereza cha kazini, kwenye meza ya kufungashia, penye joto. Nikanyoosha mkono hajamaliza. Ruberwa, Mkongomani tunayebeba naye kuku walioganda, kauliza kwa sauti: bon, tangu lini Liberati anajua Kiingereza? Wivu tu. Nimepewa wiki ya majaribio. Pua yangu imeanza kupata hisia.

Jumanne, 13 Januari
Somo la kwanza: “boss”. Maana wameshika upesi. Kisha Mama Liu, mtu mzima mwenye miwani, akauliza neno limetoka wapi. Kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, sikuwahi kusikia mwalimu akisema hajui. Alichapa aliyeuliza. Mimi fimbo sina. Nikasema: Kiswahili! Sisi twasema bosi, Waingereza wakalikata mkia. Wote wakaandika. Raha iliyoje!

Nimempigia dada Kostansia, aliyeko Buffalo, hukuhuku Marekani. Kathibitisha. Eti alisema bosi kabla hajamwona Mzungu. Ushahidi huo!

Jumatano, 14 Januari
Binti yangu Irakoze, simu mkononi, kanijibu kwa Kiingereza kama kawaida: neno ni la Waholanzi, “baas”, walikuja nalo Marekani zamani. Nikamwambia ale wali wake.

Alhamisi, 15 Januari
Balaa! Mama Liu kamweleza msimamizi, kwa heshima zote, kwamba cheo chake kimetoka Afrika. Msimamizi kakunja uso: kesho ofisini. Ruberwa kacheka hadi kashika ukuta. Donc, mwalimu, kuku wamekukumbuka! Shemeji Theogene wa Columbus kanishauri nikiri. Nimetafuta soksi nzito.

Ijumaa, 16 Januari
Nimeingia ofisini na soksi mbilimbili. Mama Liu kanitangulia! Kamwambia msimamizi kwamba kosa ni lake, Kiingereza chake kibovu, mwalimu alisema Waholanzi. Msimamizi kaniongezea miezi mitatu mezani. Nje nikamshukuru hadi machozi. Akasema jana usiku alilitafuta neno mwenyewe kwenye simu, na kwao hawamwaibishi mwalimu mbele za watu, lakini siku nyingine, tafadhali, niseme sijui. Nikaahidi. Nikavua soksi palepale.

Jumamosi, 17 Januari
Natayarisha somo la Jumatatu: “tea”. Mama Liu lazima atauliza asili yake. Hili nina hakika nalo, sihitaji hata simu ya Irakoze. Ni letu, limetokana na chai. Mambo ya chai Wachina watayajulia wapi?