Igoki Hakuielewa Albamu Yake

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kosa la watu wengi wanaohakiki muziki ni hili: husikiliza wimbo mmoja na nusu, wakadhani wameisikia albamu. Mimi husikiliza yote. Mgongo wima, nyayo zote mbili sakafuni, kalamu mkononi. Nilifundisha hivyo darasa la saba kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtoto aliyelala, ila wachache wa nyuma.

Leo mambo yameanza. Kawira, mtayarishaji wa redio yetu ndogo hapa Embu mjini, amenipigia simu. Kipindi cha Jumamosi kinatafuta mhakiki wa kudumu. Dakika kumi kila wiki, jina likitajwa mwanzo na mwisho. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Kisha akaimaliza. Tuko wawili. Jumamosi hii tutahakiki hewani albamu moja, Sitaki Kungoja, ya Igoki wa Laare, halafu yeye Kawira atachagua nani abaki.

Na wa pili ni nani? Gachoki! Jirani yangu hapa mtaa wa Dallas, ua kwa ua. Alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa huko Kanja. Maisha yake yote amepanga kahawa kwa madaraja, na baada ya kustaafu anapanga muziki vivyo hivyo. Albamu nzuri ni AA. Ya wastani ni AB. Ikimshinda kabisa huiita mbuni, yaani ile kahawa iliyokaukia kwenye ganda lake. Huo si uhakiki. Hiyo ni ghala.

Nikiri jambo moja, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza maoni yangu kuhusu chochote. Kaari, mke wangu, amejinunulia zile waya za kuweka masikioni. Hajazichomeka popote. Anazivaa tu.

Naitaka hiyo nafasi.

Jumanne, 5 Agosti

Kawira anasema Igoki atatutumia albamu sisi wawili, kupitia kwake, siku ya Ijumaa. Ijumaa! Uhakiki ni kama uji wa kuchachusha, haupikwi siku unapokorogwa. Gachoki amefurahi kungoja. Karani ni karani, ukimpa foleni ametulia.

Mimi nitaifuata kwenye chimbuko. Igoki ni wa Laare. Muziki wa Laare huuzwa kwanza mjini Maua. Kwa hiyo kesho ni Maua. Hesabu rahisi.

Nimemwambia Kaari naenda kumtembelea mwanafunzi wangu wa zamani. Aliuliza yupi. Nikasema ni wengi. Akaniambia nibebe sweta.

Jumatano, 6 Agosti

Maua. Baridi na ukungu, na watu wote mbio kwa sababu ya miraa. Pikapu zinapita zikipiga honi kama zimefiwa. Nikaingia duka la Warsame, muuza simu ambaye pia hukutilia nyimbo kwenye flashi. Mtu mstaarabu sana. Alinipa kiti na chai ya tangawizi.

Nikaomba albamu mpya ya Igoki. Akaanza kusema kwamba albamu yenyewe, kusema ukweli, bado. Niliona anahitaji kusaidiwa. Nikamweleza albamu ni nini hasa, tofauti na nyimbo zilizorundikwa tu, nikianzia santuri, nikapitia kaseti, nikakaribia siku zetu hizi. Mara mbili aliinua kidole. Mara mbili nilimwomba subira. Nilipomaliza, wateja watatu walikuwa wameondoka na flashi yangu ilikuwa imejaa.

Akasema, “Mwalimu, Igoki yuko hapo ndani, lakini wacha nikuambie—”

Nikamwambia hiyo “lakini” ni kazi ya mhakiki, aniachie mimi. Akacheka, akanisindikiza hadi mlangoni.

Siku mbili mbele ya Gachoki.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimesikiliza mara mbili, dakika hamsini na nane kila mara. Sina la kusema. Nimeandika kurasa kumi na moja.

Kwanza, hakuna wimbo unaokwisha. Kila mmoja ukikaribia mwisho unarukiwa na mwingine, na huo nao unarukiwa. Hapo ndipo jina la albamu linapoeleweka. Hata nyimbo zake zimekataa kungoja!

Pili, kuna mwanamume anayepaza sauti. Igoki yumo katikati ya ubeti, ametulia, mara jamaa anaguta: “Rudisha! Rudisha!” Na wimbo unarudi mwanzo kweli. Mhakiki mchanga angekasirika hapo. Mimi pia nilikasirika, kisha nikatafakari. Huyo ni nani anayemrudisha binti alikotoka? Nimemwita Sauti ya Dhamiri. Kurasa tatu juu yake pekee.

Tatu, honi. Ni zile zile nilizozisikia jana barabarani! Msanii amezichukua pikapu za miraa, pamoja na haraka yao yote, akazitia kwenye muziki. Nani mwingine amethubutu?

Nne, katika wimbo wa nne Igoki anashusha sauti hadi inakuwa ya mwanamume mnene. Katika wa saba anakuwa wanaume wawili. Sijui alijifunzia wapi.

Halafu, pasipo kutarajia, tangazo la chakula cha kuku. Kejeli kali juu ya ulafi wa zama hizi.

Kaari aliuliza kutoka jikoni mbona huyo msichana ana sauti kama ya mzee wa kanisa. Nikamweleza. Ilichukua dakika arobaini. Mwishowe akasema githeri imeungua.

Ijumaa, 8 Agosti

Kawira ametuma albamu kwenye simu. Sijaifungua. Ninayo tangu Jumatano, ya nini kuijaza simu?

Saa kumi nilitoka kukagua ua, upande ule ulio karibu na dirisha la Gachoki. Alikuwa ameketi nje na redio yake, macho kafumba. Nilikohoa. Akaniuliza kama nimepata kile Kawira alituma. Nikamjibu kwamba changu nilikuwa nacho siku mbili kabla yake. Nilitaka kuuona uso wake. Haukubadilika, lakini huyo alifundishwa kazi na mizani.

Akaniuliza naonaje ule wimbo wa tano, wa mama anayefunga miraa kwa majani ya mgomba. Nikamwambia hakuna wimbo wa namna hiyo, na kwamba kosa mojawapo la mhakiki ni kusikia visivyokuwepo. Akapunguza sauti ya redio.

“Mwalimu,” akasema, “wewe ni mtu wa kina.”

Hatimaye amekubali.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike kwa utaratibu, kwa kuwa yatasemwa mengi.

Gachoki alitangulia. Dakika sita tu! Akasema sauti ni AA, gitaa ni AB, ngoma za wimbo wa nane ni mbuni na zingefaa kuondolewa. Akasema wimbo wa tano ulimfanya aweke kikombe chini asikiinue tena hadi chai ikapoa. Niliandika pembeni: anahakiki kwa vikombe.

Zamu yangu. Nilizungumza dakika kumi na saba. Kawira alianza kunionyesha saa kwenye dakika ya tisa, nikamwashiria kwamba naiona. Nikaeleza Dhamiri. Nikaeleza honi. Nikaeleza mwanamke anayeshuka hadi kwenye sauti ya baba zake ili aimbe kwa niaba yao. Nilipofika kwenye chakula cha kuku Kawira alifunika mdomo kwa mkono. Nilidhani ameguswa.

Kisha akasema kuna mtu kwenye laini. Igoki mwenyewe, kutoka Laare.

“Mwalimu, habari yako. Nashukuru sana vile umesema. Umesema vizuri mpaka nikatamani ingekuwa ni yangu.”

Nikamwambia ni yake.

“Si yangu, Mwalimu. Hiyo umesikiliza ni miksi ya DJ Mafiga wa huko Maua. Mimi niko na wimbo mmoja tu hapo ndani, na ni wa zamani. Huyo wa kusema ‘rudisha’ ni yeye. Hizo honi ni zake.”

“Na sauti nzito katika wimbo wa nne?”

“Hao ni watu wengine.”

Ukimya wa redio si kama ukimya wa nyumbani. Unausikia wewe na wilaya nzima. Gachoki alikuwa akisoma dari. Ningeweza kuomba radhi hapo. Mtu mwepesi angeomba.

“Binti yangu,” nikasema, “msanii ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa juu ya kazi yake. Yuko karibu nayo mno.”

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema pole pole kwamba kazi hiyo imemchukua miaka miwili, na kwamba mama yake ameacha shamba asubuhi yote, amekaa karibu na redio, amengoja kusikia vile Mwalimu atasema juu ya ule wimbo wake, wa kufunga miraa.

“Si ulitumiwa jana, Mwalimu? Ungesikiliza tu.”

Nikamwambia nimeshasikiliza. Nikamwomba ampe mama salamu zangu. Kawira akaweka matangazo.

Nje ya studio Gachoki alinifungulia mlango. Huo ndio ujanja wake mkubwa.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Mchungaji aliposoma mstari wa pili, kutoka kwenye viti vya vijana ikasikika sauti ndogo: “Rudisha.” Kicheko kikazagaa hadi kwa akina mama. Mchungaji naye alikohoa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Niliimba nyimbo zote kwa sauti ya juu, nikiwaangalia mmoja mmoja.

Tulipotoka, ujumbe wa Kawira ulikuwa kwenye simu. Umeandikwa kwa heshima. Nafasi imepewa Mzee Gachoki. Ananishukuru kwa mchango wangu na kwa kuwachangamsha wasikilizaji, ambao wamepiga simu kuliko wiki yoyote tangu redio ianze.

Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama kwenye nyasi. Viatu vikalowa.

Nyumbani Kaari alizitoa zile waya masikioni, akaniuliza naonaje, mvua itanyesha au haitanyesha. Nikamwambia sina maoni. Akanipima joto kwa kiganja.

Saa tisa akaja Gachoki na ndizi mbivu. Akasema amezungumza na Kawira, na kwamba kama nitakubali twende pamoja, yeye achukue dakika tano na mimi tano. Akasema yeye anajua kupima, ila mimi najua kusema, na kwamba nikimweleza jambo huwa anakwenda nalo hadi kitandani. Alisema hayo huku akiitazama meza.

Ilikuwa heshima, naandika hivyo kwa haki. Nikamshukuru. Kisha nikamwambia kwamba mimi sigawanywi. Dakika tano hazitoshi hata kueleza neno “utangulizi”.

“Haya, Mwalimu,” akasema. “Ukibadilisha nia, ua ni huu huu.”

Ndizi zilikuwa AB.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi. Ukungu bado umekaa juu ya paa za Dallas.

Kaari ameichukua simu yangu bila ruhusa, akaifungua ile albamu. Inaimba jikoni tangu saa mbili. Ameurudia wimbo wa tano, kisha akaurudia tena, na sasa hakorogi chochote, amesimama tu na mwiko. Ameniita niende nisikie. Nimetoka nje na kiti changu. Uhakiki wangu wa albamu hiyo umeshakamilika, na kurasa kumi na moja haziwezi kubatilishwa na nyimbo kumi. Ikiwa albamu na uhakiki haviafikiani, albamu ndiyo ijieleze.

Simu ililia akiwa nayo. DJ Mafiga, kutoka Maua. Kaari aliniletea. Jamaa anasema amepiga miksi miaka tisa na hakuna mtu aliyewahi kuizungumzia kazi yake hata kwa dakika moja, sembuse kumi na saba. Alitaka nimtumie zile kurasa aziweke kwenye fremu. Nilimweleza kwa upole kwamba si zake, ni za Igoki. Akasema lakini Igoki mwenyewe amekana. Nikasema hilo ni kati yake na dhamiri yake. Akaniaga kwa jina la Bwana.

Nimeketi hapa nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Mwalimu lazima ajikosoe. Na nimelipata.

Nilisikiliza.

Nisingesikiliza ile flashi, ningekosea nini? Hakuna. Yote niliyoyasema juu ya haraka, juu ya kurudi ulikotoka, juu ya ulafi, ni kweli tupu, na yamechafuliwa na honi za mtu mwingine. Gachoki husikiliza kwanza, ndipo anapoandika, kwa hiyo siku zote yuko nyuma ya albamu, kama mtu anayefuata ng'ombe wa jirani. Mhakiki wa kweli hutangulia. Anaandika karatasi ikiwa bado safi, kisha albamu ndiyo itafute njia ya kumfikia.

Kawira alitaja kwamba Igoki ana mpango wa albamu ya pili mwezi wa Desemba. Nimeanza. Niko ukurasa wa tatu. Nasikitika kusema inalegea katikati.

Kwa hiyo wewe ambaye daftari hili litakufikia, ukiwa unataka kuwa mhakiki, usingoje kuitwa. Leo, kabla ya chai ya saa nne, chagua albamu ambayo haijatoka, uandike uhakiki wake.