Namba Mpya ya Skuta ya Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 1986

Maonyesho ya pikipiki kuukuu ni Jumamosi, hapa hapa mjini Wilber, Nebraska. Vernon Kucera ameshinda miaka minne mfululizo na pikipiki yake aina ya Indian ya 1938. Mimi sina Indian. Nina skuta ya marehemu baba mkwe, aliyoitumia kusambaza mayai jimbo zima. Ardith, mke wangu, amenikataza kuigusa. Lakini nimesoma kwamba kiwanda kilichoiunda, cha mji wa Lincoln, kilitengeneza pia skuta za jeshi za kuangushwa kwa parachuti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Adimu mno. Karibu zinafanana na hii. Tofauti kubwa ni namba ya fremu.

Namba ni namba tu.

Jumanne, 10 Juni

Ardith alikwenda kwa dada yake. Nikasugua namba ya zamani kwa tupa mpaka chuma kikang'aa. Ndipo nikakumbuka sina vyuma vya kugongea namba mpya. Katika mji huu mwenye navyo ni mmoja: Kucera. Nikamwambia nataka kutia alama majembe ya bustani ya Ardith. Akanitazama muda mrefu, akanipa.

Namba imekaa vizuri. Ile tisa imelala kidogo. Nimeipaka matope.

Jumatano, 11 Juni

Nimekutana na Kucera dukani. Akaniuliza, mbele ya watu, "Vipi jirani, majembe yameshapata namba?" Nikasema yote. Akauliza Ardith ana majembe mangapi. Nikasema kumi na moja. Kwa nini kumi na moja?

Jioni nilishindwa kumaliza hata kolache moja, andazi lenye jamu ya plamu. Ardith akanishika paji la uso.

Alhamisi, 12 Juni

Msiba. Jaji amebadilishwa. Anakuja Opal Zajicek, mama wa miaka sabini na kitu. Nimeuliza ni nani. Alifanya kazi kiwandani Lincoln miaka kumi na tisa. Kazi yake? Kugonga namba kwenye fremu.

Nimeongeza matope. Nimeongeza na grisi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimejifanya mgonjwa wa mgongo ili tusiende. Ardith, aliyekwisha kuona jina langu kwenye orodha ya washindani, akasema nipumzike, yeye na dada yake wameshaipakia skuta kwenye pikapu. Amefurahi kwamba hatimaye nataka kumuenzi baba yake. Ameifuta vumbi kwa kitambaa cha hariri. Namba hakuifikia, namshukuru Mungu.

Jumamosi, 14 Juni

Mama Opal alichuchumaa mwenyewe, akakataa kushikwa mkono. Akaifuta grisi kwa kidole gumba. Kisha akaniuliza, taratibu tu, "Kijana, hii tisa kaigonga nani? Zangu hazikuwa na kitambi."

Nina miaka hamsini na nane. Nilijisikia wa minane.

Nikasema labda ni kutu. Alikuwa amepitisha mkono chini ya kiti, akagusa kipande fulani cha chuma, na uso wake ukabadilika. Akasema zilitengenezwa sita tu zenye chuma hicho, za majaribio, kabla ya vita. Alidhani zote zimeyeyushwa. Ushahidi pekee ni namba yake, inaanza na herufi X. Akaniuliza iko wapi.

Nikaanza kufuta taa ya skuta kwa mkono wa shati. Ardith alikuwa nyuma yangu.

"Mjibu mama wa watu, Delbert."

Nikasema nimeisugua.

Kucera hakucheka. Ningefurahi angecheka. Ardith akasema, bila kupandisha sauti, "Baba aliitunza miaka arobaini na sita. Wewe umeimaliza asubuhi moja." Akaenda kukaa kwenye pikapu.

Kombe kachukua Kucera. Chama cha pikipiki kuukuu kimenifungia nisishindane miaka miwili.

Jumapili, 15 Juni

Ardith kaenda kanisani peke yake. Hajanisemesha tangu jana. Nimelia kidogo bandani, si aibu kuandika.

Lakini mama Opal alikuwa na huruma. Wakati wa kuondoka aliniambia kwamba ikipatikana barua ya kiwanda ya wakati ule, yenye namba ya kweli, atatia sahihi kuithibitisha skuta. Basi ni barua tu inayokosekana. Darini kuna taipureta ya zamani, na karatasi ikichovywa kwenye chai huzeeka upesi. Ardith atalia kwa furaha.

Saa sita mchana. Barua imetoka safi, kama ya mkurugenzi hasa. Herufi X ipo, tarakimu nyingine nimezikisia. Tatizo ni tarehe: kwa mazoea nimepiga 1986.

Nitaikwangua kwa wembe. Nani ataona?