Uzi wa Fundi na Maua Yangu Mawili

Jumanne, 11 Juni
Fundi amefika kupanga mawe ya kingo kati ya nyasi na njia ya kutoka getini. Baba ametoa hukumu: upande wa nyasi ni wangu, nipande maua, njia ni ya Kaka na baiskeli yake. Hukumu nzuri. Vipimo vibaya! Njia pana kama uwanja wa mpira, bustani yangu nyembamba kama mkanda. Na Jumamosi mwalimu wa klabu ya bustani anakuja kuona, ndipo amchague kiongozi wetu. Namwomba Mungu anisaidie. Nami nitajisaidia kidogo.

Jumatano, 12 Juni
Fundi amechomeka vigingi viwili, kimoja getini, kimoja karibu na chumba cha Bibi, akafunga uzi. Nikamuuliza kama hupima mara mbili. Akasema, binti, uzi hausemi uongo. Nikamshukuru kwa somo. Alipokwenda kula, nikang'oa vigingi na kuvisogeza upande wa njia. Hatua moja tu! Tena hatua yangu, si ya Baba. Mashimo ya zamani nimeyaziba kwa maua ya manjano, moja kila shimo. Akili ni mali.

Alhamisi, 13 Juni
Mawe yamelazwa, yamegongwa kwa nyundo ya mpira, yamesimikwa kwa zege. Nilimletea fundi maji. Akamwambia Mama kwamba nina adabu. Sikumbishia. Kaka akalalamika kwamba njia imekonda. Nikamwambia pengine yeye ndiye aliyenenepa. Akaenda kujitazama kwenye kioo! Baba amelifunga geti hadi Jumamosi ili zege lishike. Sote tunapitia mlango wa nyuma.

Jumamosi, 15 Juni
Balaa. Mwalimu alibisha, Mama akavuta geti. Likagonga jiwe, likagoma. Mkoba wa mwalimu ulipita. Mwalimu hakupita. Si mnene, ila si daftari. Tukamzungusha nyuma, chini ya kamba ya nguo, akatokea na soksi ya Kaka begani.

Baba akamwita fundi. Fundi akaapa kwamba uzi hausemi uongo. Ndipo mwalimu akauliza, kwa upole wake ule ule wa darasani, mbona maua mawili yamekaa peke yao kwenye nyasi, yametengana kama watu waliogombana. Kaka, ambaye hesabu humtoa jasho, akachukua uzi akaufunga kutoka ua hadi ua. Mstari wa zamani huo hapo, umenyooka! Fundi akasema basi uzi haukusema uongo, uliambiwa uongo. Wote wakanigeukia. Hata Bibi, dirishani.

Mwalimu alificha kicheko kwa leso. Akasema bustani haijakamilika, atarudi wiki ijayo kabla hajaamua. Kabla hajaamua! Bado nina nafasi.

Jumapili, 16 Juni
Nimeng'oa mawe tangu asubuhi. Kaka amesimamia kutoka kwenye baiskeli, akipiga mluzi na kuniita Mhandisi. Mikono yangu ina malengelenge. Baba amesema natumai umejifunza. Nikasema ndiyo, Baba, na nilimaanisha.

Kwa maana nimelitafakari kosa langu kwa moyo mweupe, kama tulivyofundishwa shuleni. Kosa lilikuwa kigingi cha getini. Kile cha pili hakikumkwaza mtu. Kesho fundi akifunga uzi upya, cha getini sitakigusa hata kwa kidole. Nitasogeza kile cha mwisho tu, hatua mbili, na shimo nitaliziba kwa nyasi. Maua yana umbea. Huko mwisho hakuna kitu ila mlango wa Bibi. Kweli, unafungukia nje. Lakini Bibi ni mwembamba.